Cheti cha Msajili hakijawahi kuwa msamaha wa kodi

Kuna kauli inazunguka Arusha na Moshi siku hizi, kwenye vikao vya bodi na kwenye makundi ya WhatsApp ya wakurugenzi wa mashirika: misaada imekauka, na sasa Serikali imeamua kuzitoza NGO kodi. Uchungu wa kauli hiyo unaeleweka. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kuendesha miradi. Shirika lililozoea kulipa mishahara ya watu ishirini linajikuta na watatu, kisha siku moja inaingia barua ya Mamlaka ya Mapato (TRA) inayodai ritani, yaani taarifa za mapato na kodi, za miaka iliyopita pamoja na adhabu zake. Ukiyaweka mambo hayo mawili mezani, ni rahisi kuamini kwamba la pili limezaliwa na la kwanza.

Mimi sioni hivyo. Hakuna kodi mpya iliyotungwa kwa ajili ya NGO. Kanuni zinazowabana leo zimo ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na sheria hiyo haikuwahi kusema kwamba shirika lisilo la faida halina habari na kodi. Kilichobadilika ni fedha zenyewe. Zamani zilikuja ruzuku ambazo bajeti yake ilishapangwa mpaka senti ya mwisho. Leo yanakuja mapato ya hosteli, ya vikapu, ya mgahawa, ya mavolontia wanaolipia kukaa. Ruzuku iliweza kuficha uzembe wa makaratasi kwa miaka mingi, kwa sababu ilikuwa inaingia na kutoka yote. Mapato ya biashara hayana huruma hiyo. Na kadiri mashirika yanavyoendelea kuilaumu kodi mpya ambayo haipo, ndivyo yanavyozidi kuchelewa kushughulikia wajibu wa zamani ambao upo.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaoibishania hawajaifungua. Kifungu cha 64 kinafanya jambo linalomshangaza anayekisoma mara ya kwanza. Hakisemi shirika la hisani limesamehewa. Kinasema linahesabiwa kuwa linafanya biashara, na biashara hiyo ni kazi yake yenyewe ya hisani. Misaada na zawadi zote zinazoingia zinawekwa upande wa mapato. Baada ya hapo ndipo unafuu unapoanza. Kile kilichotumika kutekeleza malengo ya shirika, kwa kuwapa walengwa manufaa ya kiasi cha haki, kinatolewa kwenye hesabu. Juu yake inatolewa pia asilimia 25 ya pato, yaani sehemu ambayo sheria inakubali shirika libaki nayo. Kinachosalia baada ya hapo kinatozwa kwa kiwango kilekile cha kampuni, asilimia 30. Shirika linalotaka kujiwekea fedha kwa mradi mkubwa unaoeleweka, tuseme bweni au kisima, linaweza kumwandikia Kamishna wa TRA akubali fedha hizo zihesabiwe kama zimekwisha kutumika. Kwa hiyo shirika linaloelekeza kila kitu kwenye kazi yake hulipa sifuri. Lakini sifuri hiyo ni jibu la hesabu, na hesabu hiyo inatakiwa ipigwe, ithibitishwe na ipelekwe. Anayekaa nyumbani kwa sababu anajua jibu ni sifuri hajatimiza chochote.

Na unafuu wenyewe hauendi kwa kila mwenye neno hisani kwenye katiba yake. Shirika liwe mkazi wa nchi hii kwa maana ya kodi, liwe na sura ya umma, na liwe limeanzishwa na linafanya kazi kwa malengo yaliyotajwa tu: kuwapunguzia watu umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, kutoa huduma za afya, elimu, maji au barabara kwa jamii. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoangukia, liwe limepata uamuzi wa Kamishna kwamba linakidhi vigezo hivyo. Uamuzi huo ni barua. Unaombwa TRA, unaambatanishwa na katiba, hesabu na maelezo ya kazi, na ofisa anaweza kuuliza maswali kabla haujatoka. Asiye nao, machoni pa sheria ya kodi ni chombo kama kampuni nyingine yoyote, hata kama kila shilingi yake inaishia kwenye sahani ya mtoto.

Mkanganyiko umetokana na wingi wa milango. Unaweza kuzaliwa kwa Msajili wa NGO chini ya sheria ya 2002. Unaweza kuzaliwa RITA, wakala wa ufilisi na udhamini, kama bodi ya wadhamini. Unaweza kuzaliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Na wapo waliozaliwa BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, kama kampuni yenye ukomo wa dhamana. Marekebisho ya 2019 yalizitaka kampuni za aina hiyo zinazofanya kazi za NGO zihamie kwa Msajili wa NGO, na cheti kikapewa uhai wa miaka 10. Watu walihangaika na uhamisho ule. Walijaza fomu, walilipa ada, walisafiri, wengine walibadilisha katiba, na mwisho wa yote walipopokea cheti wakaamini wamemalizana na Serikali. Walimalizana na Msajili. Milango yote minne inatoa uhai wa kisheria, na hakuna hata mmoja kati yake unaotoa hadhi ya kodi.

Niliwahi kukaa kwenye ofisi ya shirika dogo upande wa Sakina, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Cheti cha Msajili kilikuwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, na pembeni yake cheti cha TIN, yaani namba ya mlipakodi, kimebandikwa kwa selotepu. Mkurugenzi, mama wa makamo anayejua jina la kila mtoto anayemsomesha, alinielekeza kwenye ile fremu nilipomuuliza kuhusu msamaha wa kodi. Faili la TRA lilikuwa na nakala ya TIN na barua mbili za ukumbusho. Barua ya uamuzi haikuwemo na haikuwahi kuombwa. Risiti za maharage na unga wa soko la Kilombero zilikuwa kwenye boksi la viatu, nyingi zimeandikwa kwa mkono kwenye vipande vya daftari, bila jina la muuzaji, nyingine bila tarehe. Chakula kilifika kwa watoto, hilo sikuwa na sababu ya kulitilia shaka. Lakini sheria inayosema utatoa kwenye hesabu kile ulichotumia kwa ajili ya walengwa inadai uonyeshe ulichotumia, na mkaguzi wa kodi anatafuta risiti ya mashine. Kipande cha daftari hakimsaidii, na mama yule hana namna ya kumrudia muuza maharage wa miaka mitatu iliyopita.

Tuje kwenye ratiba. Kwa kuwa sheria imelihesabu shirika kuwa linafanya biashara, kalenda ya mfanyabiashara inalihusu. Linalofunga mwaka Desemba linatakiwa kupeleka makadirio ifikapo Machi 31, hata kama ni ya sifuri, na ritani ya mwaka ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata, ikiwa imetayarishwa au kuthibitishwa na mhasibu anayetambuliwa na bodi ya wahasibu, NBAA. Mishahara inayozidi shilingi 270,000 kwa mwezi inakatwa kodi ya ajira, na fedha hizo zinapelekwa kabla ya tarehe 7 kupita katika mwezi unaofuata. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5, inawahusu waajiri wenye watu 10 na kuendelea. Mashirika ya hisani yamo kwenye orodha ya wasiotozwa, ila anayeudai unafuu huo ajiandae kuonyesha kwamba yeye ni shirika la hisani kweli, na hapo tunarudi kwenye barua ileile.

Adhabu ndiyo inayowatoa watu machozi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inasema chombo kinachochelewesha ritani kitalipa, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kile kilicho kikubwa kati ya asilimia 2.5 ya kodi inayodaiwa na pointi 15 za fedha. Sheria ilipotungwa, pointi moja ilikuwa shilingi 15,000, maana yake shilingi 225,000 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho cha awali, ritani ya sifuri iliyolala mwaka mzima inazaa deni la shilingi 2,700,000, na kila ritani ina adhabu yake. Shirika ambalo halikuwa na kodi hata senti linajikuta linadaiwa fedha za kusomesha watoto kadhaa, na si kwamba lilikwepa chochote. Mwaka 2018 Serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa waliojitokeza. Mtu asiyejiona kuwa mlipakodi hakuwa na sababu ya kujitokeza, kwa hiyo nafasi hiyo ilimpita bila yeye kujua kwamba ilikuwa yake pia.

Lakini kama ningeulizwa ni wapi mashirika ya mikoa hii yanapoteza fedha kimyakimya, nisingetaja ritani. Ningetaja kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji anatakiwa kuikata kwenye malipo ya mwingine na kuipeleka TRA. Shirika linalopanga nyumba ya ofisi, tuseme Shanty Town kule Moshi, linatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa jina la mwenye nyumba. Likimlipa mwezeshaji wa semina au mshauri mkazi wa hapa nchini, linakata asilimia 5. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa mkabili mzee mwenye nyumba anayetaka milioni 6 za mwaka mzima, kwa mkupuo, taslimu, umweleze kwamba utampa milioni 5 na laki 4 na cheti cha zuio. Atakuuliza kama unataka nyumba au hutaki. Kinachofuata kinajulikana: shirika linampa milioni 6 zake, na laki 6 haziendi popote. Miaka mitatu baadaye mkaguzi anazidai kwa shirika, pamoja na riba, kwa sababu sheria inamtazama aliyetakiwa kukata. Wakati huo mfadhili aliyegharamia pango ameshafunga mradi, na hakuna bajeti ya kulipa kodi ya mtu mwingine. Mkataba wa pango ulipaswa kusema tangu mwanzo kwamba bei ni kabla ya zuio. Hili halihitaji Kamishna wala semina. Linahitaji aya moja kwenye mkataba, na mkurugenzi aliye tayari kuikosa nyumba nzuri.

Sasa hizo fedha mpya. Kila mtu Moshi anamfahamu kijana wa Ulaya anayekuja wiki kadhaa kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha watoto asubuhi na kupanda Mlima Kilimanjaro kabla hajaondoka. Analipa. Malipo yake yanahusu chumba, chakula, kupokewa uwanja wa ndege wa KIA, wakati mwingine na safari ya Ngorongoro juu yake. Shirika linaandika kwenye vitabu: mchango. Swali la mtoza kodi ni jepesi: alipewa nini? Aliyepewa kitanda, milo mitatu na gari amenunua huduma, na moyo wake mzuri haubadilishi kitu. Kiasi anachotoa juu ya gharama hiyo bila kupewa kitu ndicho mchango. Biashara ya namna hiyo, iliyo nje ya malengo ya hisani, inatazamwa kama biashara ya mtu mwingine yeyote: pato lake linatozwa, mauzo yanatolewa risiti ya mashine, na yakifika kiwango cha VAT, ambacho tangu Julai 2023 ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, usajili wa VAT nao unafuata. Safari ya Ngorongoro nayo ina leseni yake, ile ya biashara ya utalii iitwayo TALA. Kampuni ya utalii ya jirani, inayolipa vyote hivyo, ina haki ya kukasirika inapoona kituo cha watoto kinauza safari ileile kwa bei ya chini kwa sababu tu hakilipi.

Hoja ya wanaopinga iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: sisi hatugawani faida, kwa hiyo kodi haituhusu. Kutogawana faida ni sharti la kuwa NGO, halikuwahi kuwa jibu la swali la kodi. Sheria haiulizi bodi inagawana nini, inaulizia fedha iliyoingia imeenda wapi. Wanaoshikilia hoja hii hupenda kusema kwamba nchi zilizoendelea haziyasumbui mashirika ya hisani. Mashirika mengi ya hapa yana ndugu yao Marekani, yaani shirika dada linalowakusanyia michango, na ndugu huyo, pamoja na msamaha wake wote, anajaza ritani kila mwaka. Asipojaza miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutika wenyewe. Juni 2011 mamlaka ya kodi ya Marekani ilitangaza kwamba mashirika yapatayo 275,000 yamepoteza hadhi yao kwa sababu hiyo. Na yakifanya biashara isiyohusiana na malengo yao, pato hilo linatozwa kule pia. Mkurugenzi wa Arusha anayelalamika kuhusu ritani anaweza kumpigia simu mwenzake wa upande wa pili na kumuuliza Mei yake, mwezi wa ritani kule, inakwendaje.

Hoja ya kwamba tunaifanyia Serikali kazi yake ina uzito zaidi kidogo. Ni kweli kwamba kuna kata ambazo bila shirika fulani zahanati isingekuwa na maji. Lakini sheria imeshalizingatia hilo. Ndiyo maana fedha iliyokwenda kwenye kisima inatolewa kwenye hesabu. Kinachoombwa na wenye hoja hii ni kwamba hata ile isiyokwenda kwenye kisima isiulizwe, na hapo siwezi kuwafuata.

Upande wa pili wa mjadala nao una kelele zake. Kuna wanaosema NGO ni kichaka tu: bodi ya mume, mke na shemeji, gari jipya, watoto wa mkurugenzi shule ya kimataifa, na picha za yatima kwenye tovuti. Siwezi kusema watu hao hawapo, kila mkazi wa mji huu anaweza kukuonyesha geti moja. Lakini sheria haiwapi kinga ambayo wasemaji wanadhani inawapa. Shirika la familia moja litapata shida kuonyesha sura ya umma. Fedha iliyomnufaisha mkurugenzi haikumnufaisha mlengwa, hivyo haitolewi kwenye hesabu. Ubaya wa shutuma hii ya jumla ni kwamba inawapiga wasio na hatia kwanza. Mwenye kichaka ana mhasibu mzuri na mwanasheria. Anayenaswa na adhabu ya pointi 15 kwa mwezi ni yule mama wa Sakina.

Malalamiko yenye nguvu ni mengine, na yanasikika kidogo kwa sababu yanahitaji kufungua vitabu. La kwanza ni mwaka wa hesabu. Mfadhili anasaini mkataba wa miaka mitatu na kutuma fedha nyingi mwezi Novemba. Desemba 31 shirika lina fedha benki ambazo halijazigusa, na zikisomwa kama zilivyo zinaonekana ni pato lililobaki, linalopita ile robo. Mhasibu mzoefu ataziandika kama ruzuku ambayo muda wake haujafika na ataambatanisha mkataba; asiye mzoefu ataziacha kwenye mapato. Njia ya kumwandikia Kamishna ipo, lakini inataka mradi ulioelezwa kinaganaga, na inataka mtu aikumbuke kabla hesabu hazijafungwa. Hapa sheria ingeweza kusema wazi zaidi kwamba fedha iliyofungwa na mkataba wa mfadhili haihesabiwi kuwa pato mpaka mwaka wa kutumika kwake. Ingeondoa ugomvi mwingi.

La pili ni pingamizi. Ukikadiriwa kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi, na ili lipokelewe unatakiwa kwanza ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Mfanyabiashara anauza gari, anakopa, analipa theluthi, anaendelea kubishana. Shirika litaitoa wapi? Kila shilingi iliyoko benki ina mwenyewe na ina mstari wake kwenye bajeti. Mkurugenzi akiitoa kulipia theluthi amevunja mkataba na mfadhili, asipoitoa makadirio yanasimama. Kamishna ana mamlaka ya kupunguza au kuondoa sharti hilo kukiwa na sababu nzuri, lakini huruma ya ofisa si kitu cha kujengea shirika. Ningekuwa mbunge, hiki ndicho ningekipigania, kabla ya kugusa viwango. Theluthi inapewa maana tofauti kabisa inapodaiwa kwa mtu asiyemiliki fedha anazozishika.

La tatu ni gharama ya wadogo. Kikundi kinachokusanya milioni nane kwa mwaka kwa ajili ya sare na daftari kinabeba ratiba ileile ya shirika lenye mabilioni, na mhasibu wa kuthibitisha ritani hawezi kufanya bure. Hapa ningependa tuige kwa Wamarekani kile kinachotufaa: kule shirika ambalo mapato yake ya kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka linajaza taarifa fupi sana kwa njia ya mtandao, jina, anwani, uthibitisho kwamba bado liko chini ya kiwango, basi. Wajibu wa kujitokeza unabaki, mzigo unapungua. Sisi tayari tuna mfumo wa Msajili ambako NGO zinapeleka taarifa za mwaka. Taarifa hiyohiyo ingeweza kusomwa na TRA kwa walio wadogo, badala ya mtu mmoja kuandika mambo yaleyale mara mbili kwa ofisi mbili za Serikali moja. Hata wale wanaosukumwa na hofu ya fedha haramu hawana sababu ya kupinga. Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na mashirika yasiyo ya faida ni moja ya maeneo ambayo chombo hicho huyatazama, ila msimamo wake ni kwamba usimamizi uendane na hatari iliyopo. Kikundi cha sare na daftari si hatari kwa mtu.

Nisichokubaliana nacho ni kutumia malalamiko hayo matatu kama sababu ya kutojaza kitu mpaka sheria irekebishwe. Bodi zinazokaa mwezi huu zina mambo ambayo hayamsubiri mbunge. Anayetaka hosteli aitenge: ama kwa vitabu vyake vyenyewe ndani ya shirika, ama, ikiwa ni kubwa, kwa kampuni inayomilikiwa na shirika, inayolipa kodi yake kama kampuni na kulipelekea shirika kinachobaki. Kampuni ina gharama zake, leseni, ukaguzi, mkurugenzi wa pili wa kugombana naye. Kwa vyumba vinne vya mavolontia sidhani kama inalipa. Kwa mgahawa wa kando ya barabara ya Moshi-Arusha wenye wahudumu kumi na wawili, kuuacha ndani ya shirika ni kuhatarisha hadhi ya shirika zima, kwa sababu sheria inasema chombo kilichoanzishwa kwa malengo yale tu, na siku moja mtu atauliza kama mgahawa ndio umekuwa shirika na watoto wamekuwa kisingizio.

Kuna na jambo la wafadhili wa hapahapa, ambalo sijasikia likijadiliwa. Fedha za nje zikipungua, macho yanageukia hoteli, kampuni za utalii na mashamba ya maua. Sheria inaruhusu mfanyabiashara atoe kwenye hesabu zake za kodi mchango aliompa shirika la hisani, mpaka asilimia 2 ya pato lake la biashara. Si nyingi, lakini kwa hoteli yenye pato la shilingi milioni 500 ni milioni 10 ambazo mhasibu wake anaweza kuzitetea. Mhasibu huyo hatazitetea kwa picha za watoto. Ataomba nakala ya barua ya uamuzi, kwa sababu bila hiyo mchango wake ni gharama isiyokubalika. Mashirika machache yenye barua hiyo yataichukua asilimia 2 ya mji, na yaliyobaki yataendelea kuombea misaada ya ng'ambo irudi. Maombi ya uamuzi yanachukua muda na TRA huwa na maswali, kwa hiyo atakayetaka kuitumia kwa michango ya mwakani aanze kukusanya katiba, hesabu zilizokaguliwa na zile ritani zilizosahaulika sasa, kabla wahasibu wa mahoteli hawajafunga mwaka wao.